Mtungi Uliovuma Usiku

Julai, upepo wa kusi ulipokaza, shangazi yangu wa mtaa wa Langoni, Lamu, aliniita. Uani kwake kulikuwa na kitu kikivuma usiku. Majirani walikwisha kusema ni jini, na mganga ametaka mbuzi mweusi.

Nikaenda kulala huko. Baada ya sala ya Isha nikasikia sauti nzito: vuu! Nikatoka na kurunzi, nikaifuata mpaka penye mtungi wa kutawadhia wa marehemu mumewe, uliokaa mtupu tangu alipofariki. Kifuniko chake kilikuwa kimevunjika. Nikauziba mdomo kwa kiganja: kimya. Nikaondoa mkono: vuu! Nikatia maji kata tatu, sauti ikawa nyembamba.

Msomaji, siri ni hii: upepo upitao mdomoni huitikisa hewa iliyomo, kama mtoto apulizapo chupa. Hewa ikipungua, sauti hupanda. Mtaalamu wa Kijerumani, Hermann von Helmholtz, aliyaeleza haya kitabuni mwaka 1863.

Mbuzi akanusurika. Nikataka kuufunika mtungi kwa kawa, shangazi akanizuia.

“Ujaze maji, mwanangu. Watu watawadhie, naye apate thawabu.”