Kinga Kizazi cha Binti Yako Mapema

Wazee wengi wa vijijini wana kovu la chanjo ya ndui mkononi. Ndui iliua watu wengi. Wengine iliwapofusha macho. Leo hakuna mtu anayeugua ndui popote duniani. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imekwisha. Ilimalizwa kwa chanjo.

Sasa iko chanjo ya wasichana. Inakinga saratani ya mlango wa kizazi. Lakini siku ya chanjo ikifika, wazazi wengine huwaficha binti zao nyumbani. Wanaogopa. Tutazungumza juu ya hofu hiyo. Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe.

UGONJWA HUU NI UPI?

Mlango wa kizazi ni sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi. Mtoto anapozaliwa hupitia hapo. Saratani ya mahali hapo huletwa na kijidudu kidogo sana. Kijidudu hicho ni kirusi cha papiloma. Kwa kifupi huitwa HPV.

Kirusi hiki huambukizwa kwa njia ya kujamiiana. Huu si ugonjwa wa wahuni. Watu wengi hukipata wakati fulani katika maisha yao. Mwanamke mwenye mume mmoja tu anaweza kukipata. Mwanamume naye hukibeba bila kujua, maana mara nyingi hasikii maumivu.

Kwa watu wengi, mwili hukishinda kirusi hiki wenyewe. Kwa wanawake wengine hubaki mwilini kimya kimya. Huweza kuchukua miaka 15 hadi 20 mpaka kulete saratani. Kwa mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI huweza kuchukua miaka 5 hadi 10 tu.

Basi ugonjwa humkuta mama akiwa na watoto wa kulea na shamba la kulima. Katika mwaka 2022, inakadiriwa kwamba wanawake zaidi ya 10,000 waliupata hapa Tanzania. Zaidi ya 6,000 walikufa. Wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Kutoka kijijini mpaka Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza, ni safari ndefu. Matibabu ya mionzi huchukua wiki nyingi. Ng'ombe huuzwa. Shamba hubaki bila kupaliliwa.

KWA NINI WACHANJWE WANGALI WADOGO?

Wewe mkulima unajua habari za dumuzi. Dawa ya mahindi hutiwa kabla dumuzi hajaingia ghalani. Ukingoja mpaka uone unga unamwagika, umechelewa. Chanjo hii ni hivyo hivyo. Haiponyi. Inakinga. Lazima itangulie kuingia mwilini kabla ya kirusi. Ndiyo maana hupewa wasichana wenye umri wa miaka 9 hadi 14.

Na kwa nini wasichana tu? Kwa sababu wao ndio wenye mlango wa kizazi.

Tanzania ilianza kutoa chanjo hii nchi nzima mwaka 2018. Wakati huo msichana alichomwa sindano mbili. Tangu mwaka 2024 huchomwa sindano moja tu. Watu wengine huuliza, "Je, moja inatosha?" Jibu lilitafutwa hapa hapa nchini. Wasichana 930 wa Mwanza walishiriki katika utafiti. Wengine walipewa sindano moja, wengine mbili, wengine tatu. Damu yao ilipimwa. Baada ya miaka miwili, karibu wote waliopewa sindano moja walikuwa bado na kinga mwilini. Utafiti wa Mwanza ulisaidia dunia nzima kujua jambo hili.

JE, CHANJO INAHARIBU KIZAZI?

Maneno haya husemwa kisimani na sokoni. Si kweli. Chanjo hii haina kirusi kizima ndani yake. Ina kitu kinachofanana na ganda la kirusi tu. Mwili ukiliona ganda hilo, hujifunza kupigana na kirusi chenyewe. Ganda haliwezi kuleta ugonjwa.

Chanjo hii ilianza kutumika duniani mwaka 2006. Wasichana waliochanjwa miaka ile sasa ni watu wazima. Wamezaa na wanaendelea kuzaa. Huko Sweden na Uingereza, saratani hii imepungua sana kwa wale waliochanjwa wakiwa wasichana.

Kinachoharibu kizazi ni saratani yenyewe. Mgonjwa huweza kuondolewa mfuko wa uzazi, au mionzi ikamfanya asizae tena. Mzazi anayemficha binti yake kwa kuogopa ugumba anamwacha wazi mbele ya ugonjwa unaoleta ugumba.

Wengine husema chanjo itamfundisha binti uhuni. Sindano haifundishi tabia. Tabia njema hufundishwa na baba na mama.

Baada ya sindano, mkono huweza kuuma siku moja au mbili. Mtoto huweza kupata homa kidogo au kizunguzungu. Kwa hiyo akae chini dakika 15 kabla ya kuondoka.

NA WEWE MAMA?

Mama mwenye umri wa miaka 30 hadi 50 aende kupimwa. Muuguzi hupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuangalia. Mahali penye hatari huonekana peupe. Mara nyingi hutibiwa mapema, kabla saratani haijaota. Mwenye virusi vya UKIMWI aanze kupimwa mapema zaidi.

Ukiona damu isiyo ya mwezi, au damu baada ya tendo la ndoa, usingoje. Ukitokwa na uchafu wenye harufu mbaya, usione haya. Nenda zahanati.

FANYA HIVI

1. Hesabu umri wa binti yako. Akiwa na miaka 9 hadi 14, mpeleke akachanjwe. Hulipi kitu.
2. Kama hasomi shule, mpeleke zahanati. Naye ana haki ya kuchanjwa.
3. Kama ana virusi vya UKIMWI, mweleze muuguzi. Huenda akahitaji sindano zaidi ya moja.
4. Tunza kadi yake ya chanjo.
5. Ukiwa na wasiwasi, muulize muuguzi. Usiulize uvumi.

JADILIANENI

Katika kijiji chenu, ni binti wangapi hawajachanjwa? Ni neno gani linalowatisha wazazi wao? Nani kati yenu atakwenda kuzungumza nao kabla siku ya chanjo haijafika?