Utumwa wa Atlantiki haukuwa sawa na ule wa mababu

Kila mara watu wanapozungumzia meli za watumwa, mmoja hujibu: "Hata mababu zetu walikuwa na watumwa." Ni kweli. Lakini historia ya ufalme wa Kongo inaonyesha kwamba mambo hayo mawili hayakuwa sawa.

Mwaka wa 1526, mfalme Afonso wa Kwanza, Mvemba a Nzinga, alimwandikia João wa Tatu, mfalme wa Ureno. Alilalamika kwamba wachuuzi wanakamata raia wake kila siku, hata watoto wa wakubwa na ndugu zake mwenyewe. Afonso naye aliuza mateka wa vita. Ila kwake, mzaliwa huru wa Kongo hakupashwa kuuzwa. Mwaka ule ule aliweka tume ya kuchunguza watu waliokuwa wananunuliwa.

Katika Kongo, mateka alilima, alibeba mizigo ao alipigana vita kwa ajili ya bwana wake. Aliweza kupigwa na kuuzwa. Lakini mara nyingi wajukuu wake walihesabiwa kuwa watu wa ukoo.

Katika mashamba ya miwa ya São Tomé, Brazili na Karaibi, mlango huo ulifungwa. Mtumwa alikuwa wa kutoa sukari kwa soko la Ulaya. Akifa kwa kazi, bwana ananunua mwengine.

Sheria pia zilibadilika. Mwaka wa 1662, Virginia iliamua kwamba mtoto anafuata hali ya mama yake, hata kama baba ni mzungu huru. Mwaka wa 1685, sheria ya Ufaransa, Code Noir, ilimuhesabu mtumwa kuwa mali, sawa na vyombo vya nyumba. Rangi ya ngozi ikawa alama. Roma ya zamani, yenye ukali wake, ilikuwa na watumwa wa kila taifa, na wengi walioachiliwa walipata uraia.

Watu karibu milioni 12 na nusu walipakizwa kwenye meli. Karibu milioni 2 walikufa baharini. Zaidi ya milioni 5 walitoka pwani za Kongo, Angola na inchi za karibu.

Baadhi yao walifika Saint-Domingue, koloni ya Ufaransa. Mwaka wa 1791 watumwa wa huko waliasi, na watu wa Kongo walikuwa wengi kati yao. Mwaka wa 1804, koloni hiyo ikawa inchi huru: Haiti.