Kilomita 116 Zinazopitia Athens

Mykonos na Santorini ni visiwa vyenye jina kubwa kuliko vingine katika Bahari ya Aegean. Kutoka uwanja wa ndege wa kimoja hadi wa kingine ni kama kilomita 116, safari ya nusu saa tu kwa ndege ya panga boi. Hata hivyo, siku nyingi za mwaka abiria wa ndege hupelekwa kwanza Athens, kilomita 136 upande wa magharibi. Hapo husubiri, kisha huruka kilomita 218 nyingine kurudi kusini-mashariki. Wanakuwa wamesafiri mara tatu ya umbali wa moja kwa moja, na saa tatu au nne zimekwisha. Boti ya kasi, hata ikipitia Paros na Naxos, mara nyingi hutumia mbili au tatu.

Tatizo si ukosefu wa watu, maana kiangazi visiwa hivyo hufurika. Ndege hula fedha zaidi inapopaa na inapotua. Mafuta mengi huteketea ikiwa inapanda, baadhi ya vipuri huhesabiwa umri kwa idadi ya safari, na tozo za kiwanja hulipwa kila inapogusa ardhi, iwe imetoka kilomita 100 au 1,000. Kwa hiyo safari fupi ndiyo ghali kuliko zote kwa kila kilomita. Athens humpunguzia mwenye ndege mzigo huo: ndege moja ya kwenda Santorini hujazwa na abiria waliotoka London, Thessaloniki na kwingineko. Ndege ya kutoka Mykonos ingetegemea watalii wa visiwa viwili tu, tena wa miezi michache. Ndiyo maana safari za moja kwa moja, zikitokea, ni za kiangazi.

Sasa tazama Kasos, kisiwa chenye wakazi wapatao 1,000, kusini kabisa mwa bahari hiyo hiyo. Kutoka hapo hadi Karpathos ni kama kilomita 21, na ndege hukaa hewani dakika 5 hivi, miongoni mwa safari fupi kuliko zote duniani zenye ratiba. Hakuna kampuni ambayo ingeipenda njia hiyo kwa nauli pekee. Serikali ndiyo inayolipa pengo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1008 ya mwaka 2008 inaruhusu nchi kuweka kiwango cha chini cha huduma, kutangaza zabuni, na kumpa mshindi njia hiyo peke yake, kwa kawaida hadi miaka minne.

Naiona ruzuku hiyo kuwa fedha iliyotumika vizuri. Pepo za baridi zikizuia meli, mgonjwa wa Kasos hana barabara ya kukimbilia.

Wasiwasi wangu uko kwenye ndege zenyewe. Njia ya kurukia ya Kasos haifiki kilomita moja, na ndege za Dash 8 za aina ndogo, zilizozoea viwanja vya aina hiyo, ziliacha kutengenezwa zaidi ya miaka 15 iliyopita. Kampuni ya ndege ndogo ya ATR ilikuwa ikiunda ATR 42-600S, ndege ya kutua kwenye mita 800 tu. Novemba 2024 kampuni hiyo iliusitisha mradi.