Goti la Mtelezaji wa Theluji na Goti la Mchezaji wa Rungwe Mpya

Rungwe Mpya, katika nyanda za juu za Kasulu, haianguki theluji. Hata hivyo, mtu afikaye zahanati goti likiwa limevimba baada ya mechi, au baada ya kuanguka mteremkoni na baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi, huenda ana jeraha lile lile linalohofiwa na watelezaji wa skii katika milima ya Ulaya.

Miongoni mwa watelezaji hao yumo Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, ambaye mwaka 2018 aliiwakilisha Kenya katika mbio za mteremkoni kwenye Olimpiki ya majira ya baridi huko Pyeongchang. (Philip Boit, aliyemtangulia huko Nagano mwaka 1998, alishiriki skii ya masafa, ambayo haina miteremko ya kutisha namna hiyo.) Njia ya mashindano ya Streif, mjini Kitzbühel, Austria, yatosha kueleza hofu yenyewe: ina urefu wa kilomita 3.3, hushuka takriban mita 860, na washindi huimaliza kwa dakika 2 hivi.

Kiatu cha skii ni kigumu nacho hukumbatia muundi. Kifundo hulindwa, lakini nguvu iliyozuiwa hapo haipotei; hupanda gotini. Vifungio vinavyoachia ubao mtu aangukapo vimepunguza sana mivunjiko ya muundi. Kano za goti hazikupata nafuu hiyo. Ukingo wa ubao ukinasa, muundi huzungushwa huku paja likielekea kwingine, na kano msalaba ya mbele, inayoifunga mifupa hiyo miwili katikati ya goti, hukatika. Uwanjani mchezaji hukanyaga, akageuka ghafla, ikamkatikia bila hata kuguswa na mtu.

Mara nyingi mgonjwa husimulia kwamba alisikia mlio, kisha goti likajaa katika saa chache, kwa kuwa damu imevujia ndani. Baada ya majuma kadhaa uvimbe hupungua, naye hudhani amepona, mpaka siku goti linapolegea ghafla akishuka kilima.

Mhudumu na aanze kwa kupima mapigo ya damu kwenye unyayo na hisia za vidole. Eksirei yahitajika iwapo mgonjwa hawezi kutembea hatua 4, hawezi kukunja goti hadi nyuzi 90, ana miaka 55 au zaidi, au huumia abonyezwapo pia ya goti au kichwa cha mfupa mwembamba wa pembeni. Lakini eksirei haionyeshi kano. Picha isiyo na mvunjiko si ruhusa ya kurudi uwanjani. Kukanda kwa maji ya moto na kuvuta mguu siku za mwanzo, desturi tunayoikuta mara kwa mara, huzidisha uvimbe. Goti lipumzishwe, lifungwe bendeji, liinuliwe.

Je, ni lazima upasuaji? Utafiti wa Uswidi uliotolewa mwaka 2010, wa vijana 121, uligundua kwamba walioanza kwa mazoezi ya viungo, upasuaji ukisubiri hadi uhitajike, hawakuwa na hali mbaya kuliko waliopasuliwa mapema. Zaidi ya nusu yao hawakuwa wamepasuliwa baada ya miaka 2. Kwa mgonjwa aliye mbali na daktari bingwa wa mifupa, kukaza misuli ya paja kila siku kwa miezi kadhaa, chini ya uangalizi, ni tiba kamili ya kuanzia. Goti likiendelea kulegea, au likikwama lisinyooke, apewe rufaa.