Mapipa bilioni 6.5 ardhini, bilioni 1.4 bombani

Wilayani Bukombe, ambako Ushirombo ndiyo makao makuu, mazungumzo ya bomba la mafuta ghafi la EACOP huishia kwenye fidia ya mashamba na ajira za ujenzi. Bomba hilo linatoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga: kilometa 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Swali zito zaidi ni mafuta kiasi gani yatapita humo, na kwa miaka mingapi.

Uganda inakadiria kuwa mapipa bilioni 6.5 yamo kwenye miamba ya bonde la Ziwa Albert. Yanayotarajiwa kutoka ni bilioni 1.4 tu. Mchimbaji wa dhahabu wa Bukombe hatashangaa: zebaki huchukua sehemu tu ya dhahabu ya mawe yaliyosagwa, ndiyo maana marudio, yaani mabaki ya mawe hayo, yana wanunuzi. Ila marudio ya mafuta hayaonekani. Yamebaki chini kabisa.

Kiasi kilichomo hukadiriwa kwa kupima eneo na unene wa mwamba, sehemu yake iliyo vinyweleo, na kiasi cha vinyweleo kilichojaa mafuta badala ya maji. Kisha huzidishwa kwa asilimia inayoweza kutoka, hapa kama 21. Asilimia hiyo ndiyo yenye mashaka makubwa kuliko yote. Inategemea msukumo uliomo ardhini na wepesi wa mafuta kutiririka, na mafuta ya Albert ni mazito yenye nta, hata bomba lenyewe lazima lipashwe joto. Ndiyo maana mradi wa Tilenga, wenye visima zaidi ya 400, unasukuma maji ardhini ili mafuta yasogee.

Asilimia moja tu ikiongezeka au kupungua ni mapipa milioni 65. Kwa ada ya dola 12.77 kwa pipa, hiyo ni takriban dola milioni 830, iwapo yote yatasafirishwa. Ada hiyo huingia kwenye kampuni ya bomba, ambayo Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) lina asilimia 15 ya hisa zake, kwa hiyo makosa ya makadirio ya Hoima yanaugusa mfuko wa Tanzania pia.

Visima vikishaanza kuzalisha, kushuka kwa msukumo na wingi wa maji yanayotoka na mafuta vitarekebisha hesabu hizo. TPDC iyatangaze marekebisho hayo kila mwaka, kwa Kiswahili, hadi kwenye halmashauri zinazopitiwa na bomba.