Giza la Saa Tisa Alasiri

Katikati ya Desemba jua la Stockholm huchwa kabla ya saa tisa alasiri. Saa kama hiyo Tanga na Mombasa jua bado kali na watu wanajificha vivulini. Stockholm taa za barabarani zimekwisha kuwaka, na mchana wote umedumu saa sita hivi. Kwa mtu aliyekulia karibu na ikweta hili si jambo dogo. Dar es Salaam, siku ndefu kuliko zote na iliyo fupi kuliko zote hazipishani hata saa moja, na Kiswahili huhesabu saa zake kwa kuuamini ukawaida huo wa jua. Leo wasemaji wake wengi wanaishi Skandinavia, Uingereza, Kanada na Marekani, wakiwamo wakimbizi wa Kongo waliopewa makazi huko. Baadhi yao, Novemba ikiingia, hulala kupita kiasi na bado huamka wamechoka. Hutamani wanga na vitu vitamu, hunenepa, huwakwepa watu na hupoteza hamu ya mambo waliyoyapenda. Masika ya huko yakifika hali hiyo huondoka, kisha hurudi mwaka unaofuata. Wakiwaeleza ndugu kwa simu, huenda wakaambiwa wamelegea, au imani imepungua. Wanachougua ni ugonjwa, na unaitwa sonona ya majira.

Jina hilo ulipewa mwaka 1984 na Norman Rosenthal na wenzake, walipochapisha habari za wagonjwa 29 huko Marekani. Rosenthal, daktari wa magonjwa ya akili, ni mzaliwa wa Afrika Kusini. Alipohamia Marekani mwaka 1976 aliona mwenyewe jinsi nguvu zilivyompungukia majira ya baridi. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni haya: ndani ya jicho, upande wa nyuma, zimo seli ambazo kazi yake kubwa ni kuupasha ubongo habari kwamba kumekucha. Mwanga wa asubuhi ukichelewa, saa ya mwili nayo huchelewa, na melatonini, homoni inayouandaa mwili kwa usingizi, huweza kuendelea kutoka wakati mtu ameshaamka na anatakiwa kazini. Ndiyo maana tiba iliyoenea ni kukaa kila asubuhi kwa nusu saa mbele ya taa maalumu ya luksi 10,000. Taa za ofisini kwa kawaida hazizidi luksi 500.

Taa hiyo inafaa. Hata hivyo, anayeitegemea peke yake ametibu nusu ya jambo. Giza huleta uchovu; uchovu humfungia mtu ndani; kujifungia humnyima ule mwanga mdogo uliopo nje, pamoja na matembezi na mazungumzo ya watu. Ndipo akili huanza kujisomea hukumu: baridi ikija, mimi sina maisha. Hukumu hiyo humrudisha kitandani, na duara linafungwa. Kelly Rohan wa Chuo Kikuu cha Vermont alilipima jambo hili kwa wagonjwa 177. Kundi moja lilitumia taa. La pili lilipata wiki sita za tiba ya mazungumzo, likijifunza kuzitambua fikra za namna hiyo na kupanga shughuli za kufurahisha hata pale hamu ilipokosekana. Majira ya baridi yale ya kwanza, makundi yote mawili yalipata nafuu sawa. Tofauti ilidhihirika majira ya baridi ya pili baada ya tiba: ugonjwa uliwarudia takriban asilimia 46 ya waliotumia taa, na asilimia 27 ya waliojifunza. Taa husaidia mradi mtu aendelee kuiwasha kila mwaka. Ujuzi uliokwisha kuingia kichwani hauhitaji kuchomekwa ukutani.

Wapo wanaokana kwamba ugonjwa wenyewe upo. Uchunguzi mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016, wa watu zaidi ya 34,000, haukuona sonona ikiongezeka majira ya baridi. Huo ni ushahidi mzito, na unatuonya tusimbandike jina hili kila anayechukia theluji. Lakini wastani wa umma mzima huweza kuwafunika wachache wanaoumia kweli, na daktari humpima mtu kwa historia yake: je, hali hii imejirudia miaka miwili mfululizo, ikija na kuondoka na majira? Swali hilo pia humtenga mgonjwa na mwenye upweke wa ugenini, kwani upweke haungoji Novemba. Pingamizi la pili linanigusa zaidi: kwamba kumwambia mgonjwa abadili fikra ni kumtwisha lawama. Ingekuwa hivyo kama tungesema fikra ndizo zilizouleta ugonjwa. Aliyevunjika mguu hakosolewi anapofundishwa mazoezi ya kutembea upya.

Na mazoezi yenyewe yako karibu. Kutembea nje asubuhi, hata chini ya mawingu, humpa mtu mwanga unaoishinda taa ya sebuleni mara kadhaa, na mwendo wenyewe una faida kwa sonona ya aina nyingi. Kuamka saa ileile kila siku huishikiza saa ya mwili. Yoga, kutafakari na kupumua kwa utulivu hupunguza wasiwasi, ingawa ushahidi wake kwa sonona ya majira hasa bado ni mdogo, na haifai kuviuza kama dawa kamili. Miadi na watu iwekwe mapema, kwa sababu mwenye sonona akingoja hamu imjie hatatoka. Mwenye maradhi ya macho, au anayepatwa na vipindi vya msisimko uliopita kiasi, asiguse taa ya tiba bila daktari. Na anayewaza kujiua asingoje kukuche, atafute msaada saa hiyohiyo.

Wewe uliye nyumbani, ndugu yako akikwambia Januari kwamba hana nguvu za kutoka kitandani, usimhubirie. Muulize kama mwaka jana pia ilikuwa hivyo. Akijibu ndiyo, mhimize amwone daktari sasa, na mwaka huu arudi kwake Septemba, siku zingali ndefu.