Fuwele za Kulia na za Kushoto

Mwaka 1848, huko Paris, kijana wa miaka 25, Louis Pasteur, aliichunguza chumvi ya asidi ya zabibu. Akaona fuwele zake ni za aina mbili, mfano wa viganja vya kulia na kushoto. Akazitenga moja moja kwa kibano. Zilipoyeyushwa, kundi moja liliugeuza mwanga kulia, jingine kushoto.

Mzee Biot, bingwa wa elimu ya mwanga, hakuridhika na maneno: alitoa asidi yake mwenyewe, akataka kazi irudiwe machoni pake. Ushahidi ukasimama.

Lakini chumvi chache tu hujitenga hivyo. Mwaka 1853 Pasteur alitumia kemikali itokanayo na kwinini, dawa ambayo askari wengi wanaujua uchungu wake. Nayo ina upande wake, kama buti. Chumvi ya aina moja ikaganda kwanza, ya pili ikasalia majini.